Loco Abreu na klabu zake 31: kisa cha straika aliyefanya kuhama kuwa ufundi

Mtaje Sebastián Abreu kwa shabiki wa mpira wa Afrika uone. Mmoja atacheka, atakwambia si yule mzee wa rekodi ya Guinness aliyechezea timu 31? Mwingine hatacheka kabisa, atanyamaza kidogo, maana kichwa chake kimesharudi tarehe 2 Julai 2010 pale Soccer City, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, Uruguay na Ghana, na jamaa mmoja mrefu nywele ndefu jezi namba 13 anatembea taratibu kwenda kupiga penalti ya mwisho kama mtu anayeenda dukani.

Mimi nataka nimchambue huyu jamaa kwa upande ambao huwa hauongelewi, yaani ile kuhamahama yenyewe. Kwa sababu watu wanaichukulia kama kituko, eti alikuwa hatulii, eti kila timu ilimchoka. Nikiangalia safari yake naona kitu kingine, naona mtu aliyekuwa na bidhaa moja tu sokoni na alijua vizuri sana nani anaihitaji na kwa muda gani. Kuna kipande cha mwisho cha career yake ambacho kwangu ni sarakasi, na hicho nitakisema, lakini kabla ya hapo kulikuwa na ufundi mtupu.

Tuanze na mtu mwenyewe. Kazaliwa 17 Oktoba 1976 mji wa Minas, Uruguay, na miezi minne kabla ya hapo, kule Belgrade, Antonín Panenka wa Czechoslovakia alikuwa ameidokoa taratibu katikati ya goli ile penalti yake ya fainali ya Euro kumpita kipa Sepp Maier. Unaweza kusema ni bahati tu ya kalenda, sawa, ila ukijua huyu mtoto alikuja kuishi kwa penalti gani hutaacha kutabasamu. Alianzia Defensor Sporting ya Montevideo katikati ya miaka ya 90, mwaka 1996 akavuka kwenda San Lorenzo ya Argentina, na Januari 1998 Deportivo La Coruña ya Hispania ikamchukua. Umri miaka 21, straika wa Uruguay, timu ya La Liga inayopanda kwa kasi. Hapo kila mtu angesema kijana katoka.

Hakutoka bwana. Deportivo hakupata nafasi ya kudumu, na hapa ndo mguu ulipoota tairi. Wakaanza kumtoa kwa mkopo. Grêmio Brazil. Tecos Mexico. Akarudi San Lorenzo. Akaenda Nacional kwao Uruguay, timu ya moyo wake, ambayo baadaye aliirudia tena na tena. Akaenda Cruz Azul. Na cha kuuma zaidi, mwaka 2000 Deportivo wakabeba ubingwa wa Hispania, wa kwanza na wa pekee katika historia yao mpaka leo, na yeye alikuwa bara jingine anacheza kwa mkopo.

Hapa tusimame kidogo maana ndo mzizi wa kisa kizima. Mkopo una hesabu zake. Klabu imelipa hela, haitaki kukuuza kwa hasara, wala haikuhitaji uwanjani, basi inakukodisha ili klabu nyingine ilipe mshahara wako au sehemu yake, huku ikiomba Mungu ufunge mabao bei ipande. Ukifunga wanasema ngoja kwanza, ukikosa wanakutafutia pengine. Kwa mchezaji maana yake ni kwamba kila ukifika mahali unajulikana ni wa kuondoka. Waswahili wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sasa huyu alikuwa kuku mgeni kila mwaka. Siku hizi FIFA imebana kidogo, tangu Julai 2022 kuna kikomo cha mikopo ya kimataifa ambacho kilianza na wachezaji 8 wa kutoka na 8 wa kuingia kwa klabu, kikashuka mpaka 6 kuanzia 2024, na mkopo mmoja hauruhusiwi kuzidi mwaka. Enzi zake hakukuwa na kikomo kama hicho, ilikuwa soko huria.

Wengi wakipita kwenye mashine hiyo wanasagika. Miaka mitatu ya mikopo, kujiamini kunaisha, unamsikia yuko daraja la tatu mahali fulani. Kwa nini Abreu hakusagika? Nina sababu tatu na hazilingani uzito.

Ya kwanza ni mwili na namna ya kucheza. Jamaa ana mita 1.93, mguu wa kushoto, kichwa kizuri, na kazi yake iko ndani ya boksi. Huyu hakuwa straika wa kushuka katikati kuunganisha pasi kumi na viungo wanaojuana tangu academy. Mpe krosi. Mpe mpira wa juu apambane na beki, kinachodondoka mwenzake aokote. Kitu cha namna hiyo unaweza kukifundisha timu mpya kwa wiki moja ya mazoezi, hakihitaji msimu mzima wa kuzoeana. Winga wa timu yoyote duniani anajua kupiga krosi kwa mtu mrefu. Kwa hiyo akitua Jumatatu, Jumapili anaweza kufunga, na wakati straika anayetegemea mfumo akihama anaacha nusu ya thamani yake alikotoka, huyu alikuwa anabeba yote kwenye begi.

Ya pili ndo naona nzito kuliko zote, na watu wa Ulaya hawaioni kwa sababu ligi zao haziko hivyo. Kalenda. Argentina tangu mwanzoni mwa miaka ya 90 na Mexico tangu 1996 walikuwa wanagawa mwaka mara mbili, Apertura na Clausura, kila nusu ina bingwa wake. Mechi za ligi ni kama 17 au 19 basi, Mexico wanamalizia na mtoano, bingwa kapatikana, tunaanza upya. Sasa jiweke kwenye kiti cha mwenyekiti wa klabu. Huna miaka mitatu ya kujenga, una miezi mitano. Juu ya hapo, nchi zote mbili zilikuwa zinashusha timu daraja kwa kuangalia wastani wa pointi za misimu kadhaa, sio msimu mmoja, kwa hiyo kuna timu inaweza kuanza nusu mwaka ikiwa tayari shingo iko kwenye kamba kwa madhambi ya miaka miwili nyuma. Timu ya namna hiyo haitafuti kijana wa kumlea. Inatafuta mtu anayefunga kuanzia wiki ya kwanza, imlipe miezi sita, ikipona itajua baadaye. Ligi zile zilitengeneza soko la straika wa miezi sita, na Abreu akawa bidhaa namba moja ya soko hilo.

Angalia mfululizo huu uelewe. Nusu ya kwanza ya 2006 yuko Dorados de Sinaloa, Mexico. Nusu ya pili Monterrey. 2007 inaanza yuko San Luis, inaisha yuko Tigres, ambao ni watani wa jadi wa Monterrey, mji huohuo, yaani kahama nyumba mbili za watu wasiopikika chungu kimoja na kati yao mwaka haujaisha. 2008 inaanza yuko River Plate, Argentina, chini ya kocha Diego Simeone, na wanabeba Clausura. Miaka miwili na kitu, klabu tano. Ukisoma kwa haraka utasema huyu ni tatizo. Soma tena. Dorados alikuwa timu ndogo inayopigania kutoshuka, Monterrey na Tigres ni matajiri wa Mexico, River ni River, kigogo wa Argentina. Huyo mtu anapanda ngazi. Hakuna aliyekuwa anamfukuza, alikuwa anauzika. (Na kwa wale wa ushirikina wa namba, nimehesabu bila kurudia zile alizorudi, River ilikuwa klabu yake ya 13. Jezi yake maarufu ni 13. Basi tu nimesema.)

Sababu ya tatu ni watu. Hapo Dorados, kocha alikuwa Juan Manuel Lillo, yule Mhispania ambaye Pep Guardiola anamheshimu kama mwalimu wake, na kwenye kikosi kilekile alikuwemo Guardiola mwenyewe, anamalizia soka yake. Timu ikashuka daraja licha ya majina yote hayo. Lakini nenda mbele mpaka Januari 2009. Real Sociedad wako daraja la pili Hispania wanasaka kupanda, wanahitaji mabao, na anayetua ni nani? Abreu, miaka 32. Na kocha wa Real Sociedad ni nani? Lillo. Hayo mambo hayatokei hivihivi. Mchezaji mhamaji hana mashabiki wa kumlilia wala klabu anayoidai fadhila, mtaji wake ni makocha wanaojua akifika chumba cha kubadilishia nguo atakuwaje. Kocha mwenye presha hasajili mtu asiyemjua kama anayemjua yupo. Wachezaji vijana wanaogombana na kocha kwa sababu ya benchi moja huwa hawaoni kwamba yule kocha atafukuzwa tu, na atatua mahali pengine, na siku hiyo jina lako litakuwa mezani kwake.

Lakini sio kila uhamisho ulikuwa na akili, tusimpambe. Katikati ya 2008 kabla ya kwenda Real Sociedad alikwenda Beitar Jerusalem ya Israel, na alikaa kidogo sana akarudi River. Ukichukua kipindi cha River, Israel, River tena, afu Hispania, katikati ya 2009 Ugiriki kwa Aris ya Thessaloniki, na Januari 2010 Brazil kwa Botafogo, hiyo ni kama mtu anayebadilisha daladala kila kituo. Kanuni ya FIFA inasema ndani ya msimu mmoja mchezaji anaweza kusajiliwa klabu tatu mwisho na kucheza mechi za mashindano kwa mbili tu, isipokuwa pale kalenda za ligi zinapoingiliana, maana kuna nchi zinaanza Agosti na nyingine Januari. Mhamaji mzoefu anaishi kwenye hayo mapengo. Na kuna gharama yake ambayo haiandikwi popote, mkataba wa miezi sita hauna nafasi ya kuumia. Ukichanika msuli wiki ya tatu, dirisha lijalo huna mabao ya kuonyesha, na wewe una miaka 32, wakala atapokelewa simu na nani?

Sasa timu ya taifa. Hapa ndo hadithi ya kituko inavunjika kabisa, kwa sababu Uruguay hawakuwa na shida ya mastraika, walikuwa na Forlán, Suárez na Cavani kwa wakati mmoja, na bado kocha Óscar Tabárez alimhitaji huyu mzururaji. Jumla mechi 70, mabao 26, kati ya 1996 na 2012. Novemba 18, 2009, mechi ya marudiano ya mchujo na Costa Rica pale Centenario, Montevideo. Uruguay walishinda ya kwanza 1-0 ugenini. Dakika ya 70 Abreu anafunga, dakika chache baadaye Costa Rica wanasawazisha, inaisha 1-1. Piga hesabu, bila bao lile jumla ni 1-1 na mnaenda dakika za nyongeza huku mwenye nyumba anatetemeka. Mtu aliyekuwa na mkataba Thessaloniki ndo aliyewapa Uruguay nafasi ya kupumua ili waende Afrika Kusini.

Na Afrika Kusini tunaijua. Ghana 1 Uruguay 1, Muntari kwa shuti la mbali, Forlán kwa faulo. Abreu kaingia dakika ya 76 kuchukua nafasi ya Cavani. Dakika za nyongeza zinaisha, kichwa cha Adiyiah kinaenda golini, Suárez anadaka kama kipa, kadi nyekundu, Asamoah Gyan anapiga penalti inagonga mwamba wa juu. Bara zima likashika kichwa. Twende kwenye matuta. Mensah kakosa, Maxi Pereira wa Uruguay kapaisha, Adiyiah naye kakosa. Inakuja ya tano ya Uruguay, akifunga imeisha, na anayetoka kwenye mstari wa katikati ni mchezaji wa akiba wa miaka 33 ambaye kwa hesabu yangu yuko kwenye klabu ya 17.

Itazame tena kwa utulivu kama moyo wako unaruhusu. Mbio zake za kuja kwenye mpira ni ndefu na zina nguvu, za mtu anayekuja kupasua nyavu. Kipa Richard Kingson anaruka upande. Na mguu wa kushoto unaingia chini ya mpira taratibu, mpira unapaa kidogo, unaelea, unashuka katikati ya goli ambako sekunde moja nyuma kulikuwa na mtu. Wengi tulisema huyu ni kichaa, si ndo jina lenyewe, Loco. Mechi kubwa vile, mpira wa uzito ule, unadokoa?

Kumbe haikuwa wazimu wa usiku ule. Tarehe 18 Aprili 2010, miezi miwili na nusu kabla, Botafogo na Flamengo pale Maracanã, mechi ya kuamua ubingwa wa jimbo la Rio, ngoma iko 1-1, penalti, Abreu anaidokoa hivyohivyo katikati, 2-1, kombe. Yaani kitu tulichokiona kama ubahatishaji kilikuwa kimeshafanyiwa mazoezi mbele ya Flamengo kwa presha ya fainali. Na ili uelewe zaidi kichwa cha huyu mtu, Februari 2011, derby na Fluminense, anapata penalti, anadokoa, kipa Diego Cavalieri hakudanganyika, kabaki katikati, penalti imepotea. Aibu hiyo, mtu yeyote angejificha. Baadaye mechi hiyohiyo Botafogo wanapata penalti nyingine. Anachukua mpira. Anadokoa tena katikati. Goli, na Botafogo wakashinda 3-2.

Mimi nadhani hapa kuhamahama na penalti vinakutana. Mtu aliyeishi pamoja na mashabiki wake miaka kumi ana cha kupoteza, atakumbushwa penalti hiyo sokoni, kanisani, shuleni kwa watoto wake. Mhamaji ameshazomewa nchi sita, ameshaonekana si kitu na klabu iliyomnunua, ameshaambiwa asante nenda mara nyingi mpaka neno lenyewe halimuumi tena. Sisemi ndo sababu pekee, kuna watu wamezaliwa na damu baridi tu. Ila naona ngozi ngumu ile ilitengenezwa na mabegi. Na kizuri zaidi, Botafogo ndo mahali alipotulia kuliko sehemu nyingi, 2010 mpaka 2012, na wale watu wanampenda mpaka kesho. Katikati ya hapo, Julai 2011, akawa sehemu ya kikosi cha Uruguay kilichobeba Copa América kule Argentina.

Sasa kile kipande nilichosema cha sarakasi. Baada ya Botafogo akapita Figueirense, akarudi Nacional, akaenda Rosario Central 2013. Mpaka hapo klabu 19, na naona bado ni mpira. Kuanzia 2015 mpaka 2021 ziliongezeka 12. Aucas ya Ecuador, Sol de América ya Paraguay, Santa Tecla ya El Salvador, Bangu, Central Español iliyokuwa daraja la pili Uruguay, Puerto Montt daraja la pili Chile, afu Audax Italiano hukohuko Chile ambayo ndo ilimpa rekodi, klabu ya 26, akimpita kipa Mjerumani Lutz Pfannenstiel aliyekuwa na 25. Hapo unaona motisha imebadilika. Kabla klabu zilimtaka kwa mabao, sasa zinataka pia picha, kamera, jina la klabu lisomwe na watu ambao hawajawahi kulisikia. Na yeye anajua. Sio uongo, sio wizi, jamaa alikuwa anavaa jezi na kucheza kweli, Santa Tecla walibeba Apertura ya 2016 yeye akiwepo. Ila ukiniuliza mimi, klabu 31 katika nchi 11 ni namba ya sherehe. Namba ya kazi ni zile 19 za mwanzo. Guinness wakaifunika hadithi nzuri kwa hadithi ya kuchekesha, na ndo maana leo kijana anamjua kama swali la chemsha bongo.

Magallanes, Rio Branco, Boston River, Athletic ya Minas Gerais, na mwisho Sud América ya kwao, Juni 2021, miaka 44, akasema basi.

Kinachonifurahisha ni kilichofuata. Kageukia ukocha, na mwaka 2024 akawa kwenye benchi la Dorados, klabu ileile aliyoshuka nayo daraja na Guardiola mwaka 2006. 2025 akachukuliwa na Tijuana, ligi kuu ya Mexico, ligi ambayo bado inagawa mwaka mara mbili kama enzi zake. Kwa hiyo kila Desemba na kila Juni yuko pale mezani, miezi mitano mbele yake, anahitaji mtu wa kufunga kuanzia wiki ya kwanza, na mawakala wanamletea majina ya mastraika wa miaka 31 na klabu nane kwenye CV. Natamani sana kujua anawauliza nini.